Maswali ya Wasomaji: Nafasi ya Masomo Uingereza

Barua nyingi tulizopokea kuhusu masomo ya Uingereza zinauliza alama: chuo fulani kinataka ngapi? Hilo limeandikwa wazi kwenye ukurasa wa kila kozi, na hubadilika mwaka hadi mwaka. Hapa tumechagua barua zinazogusa yale yanayowakwamisha hata wenye alama za kutosha: tarehe, majina, akaunti za benki, na fomu zilizojazwa na mtu mwingine.

Niandikie kila chuo peke yake?

*Niko kidato cha sita na nataka kusomea uhandisi Uingereza. Nimeorodhesha vyuo vinane. Je, kila kimoja nakiandikia, au kuna mahali pamoja pa kuombea? Na mwisho ni lini? – Mhandisi Mtarajiwa*

Shahada ya kwanza huombwa kupitia UCAS, shirika lenye makao yake Cheltenham linalopokea maombi kwa niaba ya vyuo. Unafungua akaunti moja, unajaza fomu moja, unalipa ada mara moja (kwa wanaoanza masomo 2026 ilikuwa pauni 28.95). Orodha yako ipunguze, maana fomu ina nafasi tano tu. Mpangilio wake hauna uzito wowote, kwa kuwa vyuo havioni umeomba wapi kwingine mpaka uwe umeshajibu ofa zako, yaani nafasi ulizopewa. Ila kumbuka kwamba Oxford na Cambridge haziombwi pamoja katika mwaka mmoja.

Tarehe za kushika ni mbili. Ya kwanza ni 15 Oktoba, kwa Oxford, Cambridge na kozi nyingi za udaktari, udaktari wa meno na wa mifugo. Ya pili iko Januari na huhamahama: mwaka 2025 ilikuwa tarehe 29, mwaka 2026 ikawa tarehe 14, kwa hiyo usitegemee tarehe aliyokupa kaka yako. Zote mbili hufungwa saa kumi na mbili jioni kwa saa za Uingereza. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa mbili usiku Oktoba, lakini Januari ni saa tatu usiku, kwa sababu Waingereza hurudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba. Anayefika tarehe ya Januari kwa wakati, chuo kinalazimika kumpima sawa na wenzake. Baada ya hapo fomu bado inapokelewa, ila chuo kilichokwisha kujaza nafasi hakina deni nawe.

Kinachochelewesha wengi ni ripoti ya mwalimu. Fomu yako haiondoki UCAS mpaka mwalimu aingize ripoti yake pamoja na alama anazokutarajia kupata. Shule ikiwa imefungwa Desemba na mwalimu mkuu yuko likizo, utakaa unaitazama fomu iliyokamilika huku siku zinakwisha. Mwombe mwezi mzima kabla. Kama umeshamaliza shule, ripoti inaweza kuandikwa na mwajiri au mwalimu wako wa zamani, lakini si ndugu, rafiki wala mchumba.

Majina yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama cheti cha kidato cha nne kina majina mawili na pasipoti ina matatu, lishughulikie sasa, usisubiri hatua ya viza. Na mitihani yote uliyofanya iandike, hata uliyofeli na kurudia. Kuficha matokeo kunaweza kufuta maombi yako yote, wakati alama mbaya ya kemia ya miaka miwili iliyopita huenda isimshughulishe mtu.

KCSE inatosha?

*Nina A- ya KCSE. Rafiki yangu wa Tanzania ameambiwa cheti chake kinatosha, mimi nimeambiwa hapana. Kwa nini? – Mkenya*

Kwa sababu vyuo vya Uingereza kwa kawaida huihesabu KCSE katika kiwango cha GCSE, mtihani wa kijana wa miaka 16, wakati kidato cha sita cha Tanzania na Uganda huwekwa na vyuo vingi karibu na A-Level, mtihani wa kumaliza sekondari huko. Njia ya kawaida kwako ni mwaka wa msingi kabla ya mwaka wa kwanza, au mwaka mmoja wa masomo ya chuo kikuu nyumbani kisha kuomba. Baadhi ya vyuo huupokea mwaka huo, vingine havitaki kuusikia. Soma ukurasa wa chuo kuhusu nchi yako kabla ya kulipa chochote, na ukiona mwaka wa msingi umetajwa, hesabu ada ya miaka minne badala ya mitatu.

Insha ya kujieleza imebadilika?

*Dada yangu aliandika insha moja ndefu. Mimi nimefungua fomu nikakuta maswali. Niandike nini, na kwa urefu gani? – Msomi wa Baadaye*

Imebadilika kweli, kuanzia kwa wanaoingia chuoni 2026. Insha moja imegawanywa kuwa majibu ya maswali matatu: kwa nini unataka kusoma somo hili, masomo yako ya shule yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini kingine kujiandaa, na kwa nini kina faida. Jumla ni herufi 4,000 zikiwemo nafasi na alama za uandishi, na kila jibu lisipungue herufi 350. Kwa Kiingereza hiyo ni kama maneno 600 na kitu. Hakuna kanuni ya kugawa sawasawa. Kwa kozi zenye ushindani tungeyapa uzito mkubwa majibu mawili ya kwanza, kwa sababu anayesoma mara nyingi ni mhadhiri wa somo lenyewe.

Mhadhiri huyo ameshasoma mamia ya sentensi zinazosema "nimeupenda uhandisi tangu utotoni". Haimwambii lolote. Mwambie badala yake kwamba mfereji wa shule ulikuwa ukifurika kila masika, ukaupima upana sehemu kadhaa, ukaona maji yanapunguza kasi pale unapopanuka na mchanga unatuama hapohapo, kisha ukarudi kwenye kitabu cha fizikia kutafuta uhusiano wa kasi na ukubwa wa njia ya maji. Sentensi tatu za namna hiyo zinaonyesha kwamba unaona, unapima na unauliza. Hata kama hukuutatua mfereji, andika ulipoishia.

Swali la tatu ndipo watu humwaga orodha: kiranja, mpira, kwaya, skauti. Chagua mawili, kisha jibu ile sehemu inayosahaulika, yaani faida yake kwa kozi unayoomba. Wasiwasi wa kwamba hukupata nafasi ya mazoezi ofisini uuache. Kulea wadogo zako, kuhesabu mauzo ya duka la familia au kumuuguza bibi huruhusiwa hapo, mradi useme kimekufundisha nini.

Maandishi hayohayo huenda kwenye vyuo vyote vitano, kwa hiyo usitaje chuo kwa jina. Ukiomba uhandisi vyuo vitatu na uchumi viwili, utaandika kitu kisichomridhisha mhadhiri yeyote kati yao. Na usinakili. UCAS hupitisha kila insha kwenye programu inayoilinganisha na insha zilizotangulia, na ikifanana mno na nyingine, vyuo vyote ulivyoomba hujulishwa. Kuchukua maandishi ya programu ya akili bandia na kuyawasilisha kama yako nako ni udanganyifu kwa mujibu wa tamko unalokubali kabla ya kutuma.

Pesa ziko kwenye akaunti ya mjomba

*Nimejitolea kumsomesha mpwa wangu London. Wazazi wake hawana uwezo, mimi ninao, na pesa ziko kwenye akaunti yangu tangu mwaka jana. Nikiandika barua ya kumdhamini si itatosha? – Mjomba*

Mjomba, moyo huo ni wa kushukuriwa, lakini barua yako haitatosha, na viza nyingi hunyimwa kwa kosa hilihili. Kanuni za viza ya mwanafunzi zinakubali pesa zilizo kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi wake, ya mlezi wake wa kisheria, au ya mume au mke wake. Mjomba, shangazi, kaka, dada na babu hawamo, hata kama ndio wanaolipa kila kitu. Mdhamini mwingine anayekubalika ni serikali, chuo chenyewe, kampuni ya kimataifa au shirika la kimataifa, si mtu binafsi.

Dawa yake ni rahisi ukianza mapema: hamishia pesa kwenye akaunti ya mpwa au ya mzazi wake. Zikiwa za mzazi, atahitaji cheti cha kuzaliwa kinachomtaja mzazi huyo na barua ya mzazi ya kuridhia zitumike. Tunza karatasi za benki zinazoonyesha zimetoka kwako, kwa maana kiasi kikubwa kilichoingia ghafla kinaweza kuulizwa kimetoka wapi.

Sasa hesabu. Zinatakiwa ada ya mwaka wa kwanza ambayo haijalipwa, pamoja na gharama za kuishi za miezi isiyozidi tisa. Tangu Novemba 2025 gharama hizo ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa London, na 1,171 nje ya London. Tuseme ada ni pauni 18,000 na ameshalipa 4,000 za kushikilia nafasi. Zimebaki 14,000. Ongeza 1,529 mara tisa, ambazo ni 13,761, unapata 27,761. Chuo hichohicho kingekuwa Leeds au Cardiff, zingetosha 24,539.

Kiasi hicho kikae siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kulipia maombi ya viza. Pesa ikishuka chini ya kiwango kwa pauni 5 siku ya 19, hesabu inaanza upya. Na kama akaunti si ya pauni, kiwango cha kubadilisha fedha kinaweza kuyumba kabla ya siku ya kuomba. Weka ziada ya kutosha, usiishie kwenye kiwango chenyewe.

Nje ya hesabu hiyo kuna ada ya viza (ilikuwa pauni 524 kuanzia Aprili 2025) na mchango wa huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka, unaolipwa wote kwa mkupuo siku ya kuomba. Kwa shahada ya miaka mitatu mchango huo hufika pauni 2,716, kwa sababu viza huongezewa miezi michache baada ya masomo na vipande vya mwaka navyo vinalipiwa. Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda atahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti cha hospitali nyingine hakikubaliki, hata iwe kubwa namna gani.

Nimepata ofa nne, nichague vipi?

*Ofa zangu zinataka AAA, AAB, ABB na BBB. Walimu wananitarajia AAB. Nimeambiwa nichague mbili tu. – Njia Panda*

Ndivyo. Kwenye skrini utaona Firm, ambayo ni chaguo lako la kwanza, na Insurance, ambayo ni akiba. Akiba ina maana ikiwa masharti yake ni mepesi kuliko ya chaguo la kwanza. Kila mwaka kuna wanaoweka AAB mbele na AAA kuwa akiba kwa sababu ya jina la chuo. Wakikosa ya kwanza, ya pili wameshaikosa pia. Kwako, AAB mbele na BBB nyuma ni mpango wa busara. Ukitaka kujaribu AAA, jaribu, lakini akiba iwe ile unayoweza kuifikia hata siku ya mtihani ikikuendea vibaya.

Ukitimiza masharti ya chaguo la kwanza umefungwa nalo. Huwezi kuamka Agosti ukasema unaipenda zaidi akiba, mpaka uombe kuachiliwa, na chuo cha akiba nacho kinaweza kuwa kimejaa. Jibu ofa kabla ya tarehe iliyo kwenye akaunti yako, maana ukikaa kimya zote zinakataliwa kwa niaba yako.

Ukikosa kwa alama moja usikate tamaa kabla ya chuo kutamka. Baadhi huwapokea waliokosa kidogo pale nafasi zinapobaki. Na kama mtihani wako ni wa taifa nje ya Uingereza, usidhani matokeo yatafika yenyewe. UCAS hupokea matokeo ya bodi za Uingereza na baadhi ya bodi za kimataifa. Mengine wayapeleka wewe chuoni, na ushahidi wote wa kutimiza masharti uwe umefika kabla ya 31 Agosti.

Wakala ametumia barua pepe yake

*Wakala alinijazia fomu. Sina nywila na ofa zinamfikia yeye. Anasema ndivyo inavyofanyika. – Nina Shaka*

Sivyo. Wakala anaruhusiwa kukusaidia, na wengi hulipwa kamisheni na vyuo, ndiyo maana utamsikia akisifu vyuo vilevile kila mara. Lakini akaunti ni yako, na tamko la mwisho linasema taarifa zote ni za kweli na ni zako. Mdai nywila leo, badilisha barua pepe na namba ya simu ziwe zako, kisha soma fomu nzima mstari kwa mstari, hasa matokeo na insha. Akikataa, wapigie UCAS mwenyewe ukiwa na namba yako ya utambulisho na pasipoti. Ada ya chuo ilipwe kwenye akaunti iliyotajwa katika tovuti ya chuo, kamwe si kwenye akaunti ya mtu.

Nina pasipoti ya Uingereza, mbona nadaiwa ada ya wageni?

*Nilizaliwa Uingereza. Tangu nina miaka sita naishi kwa babu na bibi Afrika Mashariki. Chuo kimenitoza mara mbili ya wenzangu. – Mwenye Haki*

Pasipoti inakupa haki ya kuingia na kuishi, haikupi ada ya wenyeji. Kwa ada hiyo, ambayo England kikomo chake kilikuwa pauni 9,535 mwaka wa masomo 2025/26, kanuni ya jumla inadai uwe umeishi Uingereza maisha yako ya kawaida kwa miaka mitatu kabla ya siku ya kwanza ya mwaka wa masomo. Kwa kozi zinazoanza vuli, siku hiyo huhesabiwa 1 Septemba. Kuja likizo kila kiangazi hakuhesabiki.

Lipo tundu moja halali: kama familia ilikuwa nje kwa muda tu, kwa mfano mzazi alipelekwa kikazi kwa mkataba wenye mwisho, miaka hiyo inaweza kuhesabiwa kana kwamba mlikuwepo. Chuo kitakutumia fomu ya maswali. Ijibu kwa ushahidi: mikataba ya kazi ya mzazi, nyumba iliyobaki Uingereza, kodi zilizolipwa. Kwa maelezo yako, miaka yote kwa babu na bibi ni vigumu kuiita muda mfupi, na afadhali tukuambie sasa kuliko ujue baada ya kukubali ofa. Mkopo wa serikali nao una sharti kama hilo. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina kanuni zao, kwa hiyo uliza chuo husika.

Udaktari

*Binti yangu ana alama za juu za biolojia na kemia. Tunajiandaa kuomba Oktoba. Kuna lolote la ziada? – Mama Daktari*

Lipo, mama, na linaweza kuwa limeshawapita. Vyuo vingi vya udaktari vinadai mtihani uitwao UCAT, unaofanywa kuanzia Julai hadi Septemba, mara moja tu kwa mwaka, na matokeo yake hutumika kwa maombi ya mwaka huohuo. Anayeanza kuulizia Oktoba amechelewa mwaka mzima. Vituo hujaa, hivyo siku ya mtihani iwekwe mapema.

Udaktari unaruhusiwa chaguo nne kati ya tano. Ya tano huwekwa kozi nyingine, kama sayansi ya tiba. Nafasi za wanafunzi wa nje zina kikomo, na baadhi ya vyuo havipokei wageni kabisa katika kozi hiyo, kwa hiyo mchague vyuo kwa kuangalia kwanza kama vinampokea. Usaili mara nyingi huwa wa vituo vifupi: dakika chache kwa kila mhoji, swali moja, kengele, unahamia meza nyingine. Ajizoeze kueleza kwa sauti, maana wengi hujua jibu lakini hulitoa kwa sentensi moja na kunyamaza dakika zilizobaki.

Kwa ufupi

*Mdogo wangu wa miaka 16 amehamia kwetu Uingereza kihalali. Naye apitie UCAS? – Kaka Mkubwa*

Hapana. Vyuo vya wenye miaka 16 hadi 19 huombwa moja kwa moja, kwenye tovuti ya chuo, kuanzia vuli ya mwaka unaotangulia. Andaa uthibitisho wa haki ya kuishi, wa anwani, na ripoti za shule alikotoka. Kama hana alama ya 4 katika GCSE za Kiingereza na hisabati, atasoma masomo hayo sambamba na kozi yake.

*Na shahada ya uzamili? – Mwalimu*

Nyingi huombwa chuoni moja kwa moja, na mara nyingi nafasi hujazwa kwa kadiri maombi yanavyoingia. Kwa baadhi ya masomo ya sayansi na uhandisi, raia wa nchi nyingi huhitaji pia kibali cha ATAS, cha ukaguzi wa usalama wa serikali, kabla ya viza. Ni bure, lakini huchukua angalau siku 30 za kazi, kwa hiyo kiombe mara tu upatapo ofa. Ukiwania ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza, dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza, na utahitaji uzoefu wa kazi wa saa 2,800.